Nilivyorudi kwenye futingi kwa njia ya matembezi ya 19 Juni

Wengi walioona picha zangu za mwaka jana kwenye matembezi ya drepanositozi hapa Lubumbashi walinichekaka: "Agronomo, wewe mutu ya futingi, leo uko natembea na bamama?" Niliwajibu kwa kucheka vilevile. Leo nataka kuwajibu vizuri, juu ya mambo mawili: namna ya kurudi kwenye mbio bila kuvunja mguu, na ile karatasi ndogo ya damu ambayo kila mmoja wetu anapaswa kuwa nayo mbele ya kuoa au kuolewa. Kwangu mimi yale mambo mawili yalikutana asubuhi moja.

Wakati wa masomo nilikuwaka nakimbia mara nne kwa juma, barabara ya Kasapa, mbele ya kuingia darasani. Kilomita 10 hazikunisumbua. Halafu ikaja kazi ya mwisho wa lisansi, ikaja staji ya mbali, ikaja kukaa nyumbani nikiandika barua za kuomba kazi. Miaka mitatu ikapita bila mbio. Mwezi wa tatu mwaka jana nikatoa viatu vyangu vya zamani chini ya kitanda. Siku ya kwanza kilomita 5. Siku iliyofuata 6. Juma la tatu nilikuwa kwenye 9, na nilijiona niko tena na miaka 22. Juma la nne niliamka, nikashindwa kushuka ngazi. Kano ya nyuma ya kisigino iliwaka kama mutu amepaka pilipili.

Munganga wa viungo aliyenipokea aliniuliza swali moja: "Pumzi yako iko namna gani?" Nikamjibu kwa majivuno: "Iko muzuri sana, sichoki." Akasema: "Ndiyo maana umeumia."

Hapo ndipo wengi wetu tunajidanganya. Mutu akianza tena mazoezi, moyo, mapafu na damu vinarudi haraka. Ndani ya majuma machache tu unasikia pumzi imefunguka. Lakini kano hazipati damu nyingi kama misuli, kwa hiyo zinajijenga polepole. Mifupa nayo inahitaji miezi ili ijizoeze kupokea uzito wa kila hatua. Basi pumzi inakuambia "twende", wewe unaenda, na kano inabaki nyuma na mzigo ambao haijawa tayari kubeba. Mwendo wa kurudi unapaswa kupangwa na kiungo kinachochelewa kuliko vingine, si na kile kinachowahi.

Sisi wa agronomia tulifundishwa jambo hili kwenye kitalu. Mche wa nyanya ambao umekulia kwenye kivuli hautoi siku moja ukaupanda katikati ya shamba saa sita ya mchana. Majuma mawili ya mwisho unapunguza kivuli kidogo kidogo, unapunguza maji kidogo, mpaka shina likaze. Mche ni uleule, na jua ni lilelile. Kinachobadilika ni muda unaoupa. Nilikuwa nimewaeleza wakulima somo hilo mara nyingi, lakini mguu wangu mwenyewe niliupanda saa sita.

Munganga akanipa amri: majuma mawili bila mbio, halafu kutembea tu, dakika 30, mara tatu kwa juma. Nikaona haya. Kutembea barabara ya Kasapa, mimi? Ni mdogo wangu wa mwisho aliyeniokoa. Akasema: "Yaya, kama ni kutembea tu, basi tutembee pamoja tarehe ya watu wangu."

Watu wake ni wagonjwa wa drepanositozi. Ndugu zetu wa Tanzania wanaiita selimundu. Mdogo wangu ni SS, ana miaka 19, na tangu utoto wake nyumba yetu inajua njia ya hospitali usiku. Mwaka 2008 Umoja wa Mataifa uliamua kwamba 19 Juni iwe siku ya dunia ya kukumbuka ugonjwa huu, na hapa mjini vyama vya wazazi vinafanyaka matembezi siku ya Jumamosi iliyo karibu na ile tarehe. Unalipa tikiti, unapewa tisheti, unatembea. Pesa zinasaidia kupima watoto wachanga na kununua dawa kwa wale ambao wazazi wao hawana uwezo. Kabla ya kulipa, niliuliza pesa zitahesabiwa wapi, nao wakanionyesha karatasi ya mwaka uliopita. Nawashauri muulize vilevile. Kuuliza si kumtukana mutu, na chama kinachofanya kazi safi kinafurahi kuulizwa.

Sasa ugonjwa wenyewe. Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna hemoglobini, ndiyo inabeba oksijeni. Hemoglobini ya kawaida tunaiita A. Ile yenye kosa ni S. Mwenye SS, oksijeni ikipungua, chembe zake zinajikunja kama mundu, zinakuwa ngumu, zinaziba mishipa midogo. Pale damu haipiti ndipo maumivu yanaanza: mifupa, kifua, tumbo. Chembe ya kawaida inaishi karibu siku 120, ya SS siku 10 mpaka 20 tu, na ndiyo sababu wanakosa damu kila mara. Baridi, kukosa maji mwilini, homa, na kujichosha kupita kiasi vinaweza kuamsha maumivu.

Na ule ugonjwa unatoka wapi? Mnakumbuka njegere za Mendel, za mwaka 1866? Tulizikariri mwaka wa kwanza kwa ajili ya mtihani, tukazisahau. Zirudishe nyumbani. Kila mutu anapokea herufi moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye AS anaishi muzuri, hana dalili, anaweza kufika uzee bila kujua. AS akioana na AS, kila mimba ina nafasi moja kwa nne ya kutoa AA, mbili kwa nne za AS, na moja kwa nne ya SS. Nasema kila mimba. Kuna wazazi wanasema: "Tumekwisha kuzaa mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa wazima." Hapana. Njegere haihesabu ndugu zake. Kila mimba inaanza hesabu upya.

Na hapa kwetu, AS si watu wachache. Katika sehemu nyingi za Congo ni karibu mutu mmoja kwa wanne au watano. Sababu yake ni malaria: kuwa AS kunamkinga mtoto na malaria kali, kwa hiyo ile herufi S ilibaki kwenye familia zetu vizazi na vizazi. Mwenye SS hana ile bahati, malaria inamuumiza sana.

Mama yangu alibeba lawama miaka mingi. Upande wa baba walisema ni bulozi, kwamba tumbo lake lina kitu. Kumbe herufi S moja ya mdogo wangu ilitoka kwa mama, na ya pili ilitoka kwa baba. Hakuna SS bila wote wawili. Siku nilipochora ile hesabu kwenye karatasi mbele ya mama, aliitazama muda mrefu, akasema tu: "Sisi hatukupimaka damu mbele ya kuoana. Hakuna aliyetuambia."

Turudi kwenye matembezi. Juni hapa Lubumbashi ni kiangazi, asubuhi joto linaweza kushuka chini ya digrii 10. Munganga wa mdogo wangu alikubali atembee, kwa masharti: sweta na kofia, maji ya kunywa kila mara, kupumzika kila anaposikia kuchoka, na kusimama kabisa kama maumivu yanaanza. Tuliondoka Kamalondo kuelekea Posti, watu mia kadhaa, tisheti juu ya sweta.

Kilomita ya kwanza nilifanya ujinga. Mguu ulikuwa umepona, muziki ulipigwa, vijana fulani wakaanza kukimbia mbele, nami nikaongeza hatua. Nikasikia nyuma: "Yaya, uko nakimbilia wapi? Hakuna treni ya kutuacha." Nikageuka. Alikuwa mita 50 nyuma, ameshika chupa ya maji, anapumua kwa nguvu. Nikarudi. Kuanzia pale nilitembea kwa mwendo wake. Tukasimama mara nne. Tukaongea mambo ambayo hatujaongea tangu mwaka: shule yake, dawa zake, mvulana anayempenda na ambaye bado hajapima damu. Tulifika na kundi la mwisho. Kesho yake kisigino changu hakikuuma hata kidogo.

Ule mwendo wa kuweza kuongea ndio munganga alikuwa akinitafutia. Anayerudi kwenye futingi anapaswa kuweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukishindwa, punguza. Tangu pale nilifuata mpango huu, na mwaka huu ninakimbia tena bila maumivu:

1. Majuma mawili ya kwanza, kutembea tu dakika 30, mara tatu kwa juma, siku moja ya kupumzika katikati.

2. Halafu kukimbia dakika 1 na kutembea dakika 2, mara kumi. Kila juma au kila majuma mawili, ongeza kidogo muda wa kukimbia. Kama juma limekuwa gumu, lirudie. Hakuna mtihani hapa.

3. Matembezi ya hisani yakikuangukia katikati ya mpango, yahesabu kama zoezi la siku ile. Usikimbie siku inayotangulia wala inayofuata.

4. Misuli kuchoka ni kawaida. Maumivu yanayokufanya uchechemee ni amri ya kusimama.

5. Kama wewe ni AS, mbio hazijakatazwa. Lakini kunywa maji, ongeza polepole, na usijisukume mpaka kuanguka, zaidi sana miezi ya 9 na ya 10 jua likiwa kali.

Namba 5 nimeiandika kwa ajili yangu mwenyewe. Siku ile ya matembezi kulikuwa meza ya kupima damu. Mdogo wangu akanisukuma. Walinifanyia Emmel, ikatoka pozitifu. Mujue: Emmel inaonyesha tu kwamba S iko ndani, haitenganishi AS na SS. Kinachotenganisha ni elektroforezi. Nikaenda kuifanya juma lililofuata: AS. Miaka 28, lisansi ya agronomia, mdogo SS ndani ya nyumba, na sikuwa nimejipima. Nilikuwa najua hesabu ya njegere na sikujua herufi zangu.

Nina mchumba. Jioni ile nilimpelekea karatasi yangu, nikamweleza yote. Alikaa kimya, halafu akauliza bei ya elektroforezi. Kwa sasa tunangojea karatasi yake. Kama ni AA, hakuna mtoto wetu atakayekuwa SS. Kama ni AS, tutakaa chini sisi wawili, na munganga, tuamue na macho wazi, jambo ambalo baba na mama hawakupata. Siogopi kusema kwamba usiku silali vizuri. Lakini afadhali kukosa usingizi sasa kuliko kukimbia hospitali usiku na mtoto mikononi.

Matembezi ya mwaka huu ni Jumamosi iliyo karibu na 19 Juni, kama kawaida. Mimi na mdogo wangu tutakuwa kwenye kundi la mwisho. Mutakaokuja, mulete sweta, chupa ya maji, na kama hamujapima, mukono wa kutoa damu.