Besi Inayopotea Kwenye Kochi

Mwenye sabufa na sebule yenye urefu wa mita 5 anaweza kufanya jaribio dogo leo jioni. Acheze mlio mmoja usiobadilika wa hezi 35, kwa sauti ya wastani, kisha atembee polepole kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma. Karibu na ukuta, besi itambana kifuani. Akifika katikati ya chumba itafifia mpaka adhani sabufa imezimika, na akisogea hatua mbili tu itaanza kurudi. Sabufa haijaguswa, wala waya haujalegea. Kilichobadilika ni pale aliposimama.

Watu wengi wanaojenga sinema ya nyumbani huikimbilia sabufa. Besi ikivuma kupita kiasi kwenye wimbo mmoja na kupwaya kwenye mwingine, hurudi dukani kutafuta iliyo kubwa zaidi. Fedha hiyo mara nyingi hupotea bure, kwa sababu kinachoharibu besi ni chumba chenyewe, na chumba kinapimika.

Sauti ni mawimbi. Kwenye joto la nyuzi 30, ambalo ni la kawaida Dar es Salaam au Mombasa, mawimbi hayo husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Wimbi la hezi 3,000, lile linalobeba ukali wa sauti ya mtu anapozungumza, lina urefu wa sentimita 12 hivi. Wimbi la hezi 35 lina urefu wa karibu mita 10. Ndani ya sebule ya mita 5 inaenea nusu yake tu, na nusu hiyo inapolingana na umbali kati ya kuta mbili, hewa huanza kucheza kama maji ya kwenye karai linalobebwa: upande mmoja unapanda wakati mwingine unashuka, na katikati maji yanabaki usawa uleule. Kochi likikaa katikati ya sebule hiyo, aliyeketi amekaa mahali ambapo hezi 35 karibu haipo. Likibanwa kwenye ukuta wa nyuma, atapata nyingi kuliko filamu ilivyokusudia.

Hesabu yake haihitaji fundi. Mwendo wa sauti unagawanywa kwa urefu wa chumba uliozidishwa mara mbili. Sebule ya mita 5 kwa 4, yenye dari ya mita 2.8, itavuma zaidi kwenye hezi 35, 44 na 62, kisha kwenye mara mbili ya kila moja, yaani 70, 87 na kuendelea. Chumba cha mraba ni balaa zaidi, kwa kuwa pande mbili huvuma kwenye masafa yaleyale na kurundika nguvu mahali pamoja.

Masikio nayo hayasamehe. Harvey Fletcher na Wilden Munson walichapisha mwaka 1933, wakiwa Bell Labs nchini Marekani, vipimo vya jinsi mtu anavyosikia ukubwa wa sauti kwenye masafa mbalimbali. Tangu hapo inajulikana kwamba sauti nzito inahitaji nguvu nyingi ndipo ianze kusikika, lakini ikishasikika, ongezeko dogo huonekana kubwa. Kwenye hezi 40, ongezeko la desibeli 5 au 6 husikika karibu sawa na la desibeli 10 katikati ya masafa. Kilele cha desibeli 12, ambacho ni cha kawaida katika sebule isiyopimwa, hakiwezi kujificha.

Nyumba za Afrika Mashariki zina lao pia. Ushauri mwingi kuhusu sinema ya nyumbani umeandikwa kwa nyumba za Marekani, ambazo kuta zake za ndani ni mbao za jipsamu zilizopigiliwa kwenye fremu. Kuta hizo hutikisika kidogo na kumeza sehemu ya besi. Tofali la saruji lenye plasta halitikisiki. Hulirudisha wimbi ndani karibu lote. Kwa hiyo mitetemo ya sebule ya tofali huwa mikali zaidi na hukawia kutulia. Dirisha lililo wazi husaidia, maana besi inayotoka nje hairudi, ingawa hapo jirani ndiye anayeipokea.

Kupima kwenyewe kumekuwa rahisi mno. Kinachohitajika ni kompyuta, maikrofoni ya kupimia na programu. Wengi hutumia Room EQ Wizard, iliyotengenezwa na John Mulcahy na inayopatikana bila malipo, pamoja na maikrofoni ya USB kama UMIK-1 ya miniDSP, ambayo kila moja huja na faili lake la masahihisho. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, na simu nyingi hupunguza sauti nzito makusudi ili kuzuia mvumo wa upepo. Inaweza kuonyesha kwamba kitu kimebadilika, lakini haifai kuaminiwa kueleza ni kwa kiasi gani.

Maikrofoni huwekwa pale hasa kichwa kinapokaa, kwa urefu wa masikio, juu ya stendi na si mkononi. Feni na kiyoyozi vizimwe, na mlango ubaki jinsi unavyokuwa wakati wa kutazama filamu, maana mlango ukifunguliwa chumba kimebadilika. Kisha programu hucheza mlio unaopanda taratibu kutoka hezi 15 hadi 200, na baada ya sekunde chache grafu inajichora. Wanaoiona mara ya kwanza hushtuka: badala ya mstari ulionyooka kuna milima na mabonde, pengine desibeli 20 kati ya kilele na shimo. Programu ina kitufe cha kulainisha grafu. Kwenye besi kiachwe, kwani hulainisha mchoro tu, na chumba hubaki vilevile.

Dawa ya kwanza ni kusogeza, na haigharimu chochote. Kochi likitolewa katikati au likiachanishwa na ukuta kwa nusu mita, grafu hubadilika kabisa. Sabufa nayo hutafutiwa mahali kwa njia inayoonekana kichekesho lakini ina fizikia nyuma yake: inawekwa juu ya kochi, muziki unapigwa, na mwenye nyumba anatambaa kando ya kuta akisikiliza. Palipo na besi iliyotulia ndipo sabufa ihamie. Njia hii hufanya kazi kwa sababu spika na sikio vikibadilishana nafasi, chumba huvitendea vilevile.

Dawa ya pili inagharimu, na pengine ndiyo ugunduzi mzuri kuliko wote katika fani hii. Mwaka 2002 Todd Welti wa kampuni ya Harman alichapisha utafiti kuhusu idadi ya sabufa zinazotosha chumba kimoja. Alilinganisha mipangilio mingi na kuona kwamba sabufa mbili, moja katikati ya ukuta wa mbele na nyingine katikati ya ukuta wa nyuma, hukaribia sana matokeo ya nne. Sababu ni nyepesi kuielewa. Ili hewa icheze, upande mmoja lazima upande wakati mwingine unashuka. Sabufa mbili zinazosukuma kwa pamoja kutoka pande zote mbili hunyima mchezo huo nafasi ya kuanza. Faida kubwa humfikia mgeni aliyekaa pembeni ya kochi, ambaye sasa anasikia karibu kile anachosikia mwenyeji. Sabufa mbili za wastani, kwa hiyo, mara nyingi huishinda moja kubwa ya bei ileile.

Baada ya hapo tu ndipo ekwalaiza iguswe, iwe ni ya kwenye risiva, kama Audyssey au Dirac Live, au kisanduku cha pembeni. Kazi yake ni kukata vilele. Mashimo yaachwe. Shimo hutokea pale wimbi lililorudi kutoka ukutani linapoliua linalokuja, na ukiongeza nguvu unayaongeza yote mawili. Kuinua desibeli 10 kunadai nguvu mara kumi: sabufa iliyokuwa ikitumia wati 50 itatakiwa kutoa 500, nayo itaungua kabla shimo halijajaa.

Trei za mayai zinazobandikwa ukutani hazifanyi lolote kwa besi, na sponji nyembamba za studio nazo ni hivyohivyo. Kitu chenye vinyweleo kikibandikwa ukutani, humeza wimbi vizuri unene wake ukikaribia robo ya urefu wa wimbi hilo. Kwa hezi 40 hiyo ni zaidi ya mita 2. Matita manene ya sufi ya mawe, yakisimamishwa pembeni ambapo kuta hukutana, husaidia zaidi kuanzia hezi 80 kwenda juu.

Grafu nyingine ya kutazama ni ile inayoonyesha jinsi kila mlio unavyokufa baada ya spika kunyamaza. Katika sebule ya tofali, hezi 35 inaweza kuendelea kuvuma wakati ngoma iliyoizaa imeshapita na nyingine imepigwa, na ndiyo maana mapigo huchanganyika yakawa mvumo mmoja. Kilele kikikatwa kwa usahihi, mkia wake nao hufupika. Hapo gita la besi hutengana na ngoma, na kila noti inasikika mwanzo na mwisho wake. Mstari hautanyooka kamwe, wala hauhitaji kunyooka. Kupanda na kushuka kwa desibeli 5 ni matokeo mazuri kwa nyumba ya kawaida, na wasikilizaji wengi hupendelea besi iliyoinuka kidogo kuliko masafa ya kati. Kiasi cha kuinua kila mtu atajipangia kwa filamu anazozijua, huku grafu ya mwisho ikiwa imehifadhiwa pamoja na tarehe yake, kwa ajili ya siku kabati jipya litakapoingia sebuleni.