Pembetatu ya Kionga: Ahadi Mbili za Berlin (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi utawala wa Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ulivyofika hadi Ghuba ya Tungi, kusini ya mlango wa mto Ruvuma. Leo tuingie Kionga yenyewe, kipande cha pwani cha takriban kilometa za mraba 400, ambacho Wajerumani na Wareno walinyang'anyana mpaka vita vikuu vikaisha.

Ugomvi wote umetokana na miezi miwili ya mwaka 1886. Mwanzoni mwa Novemba, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuwa pwani ya Sultani, yenye upana wa maili 10 kuelekea bara, inaanzia mto Minengani, hapo Tungi, mpaka Kipini. Ureno ilikataa. Tarehe 30 Desemba, Ujerumani ile ile ikatia saini na Ureno kwamba mpaka wao ni Ruvuma, tangu unapoingia baharini. Ardhi iliyo kati ya mto na Tungi ikawa imethibitishwa kuwa ya Sultani, kisha ikaachiwa Wareno, na mtoa ahadi ni yule yule. Februari 1887 Wareno wakaja na manowari, wakaipiga Tungi kwa mizinga na kuiteka. Wakubwa waliomthibitishia Barghash mipaka yake hawakuleta jeshi kumtetea.

Mambo yaligeuka Ujerumani iliponunua haki za Sultani katika pwani yetu kwa mark milioni 4, mwaka 1890. Haki iliyokosa mtetezi sasa ilikuwa na mwenyewe mwenye nguvu. Mwaka 1892 Berlin ikadai kuwa Ureno haina chake kaskazini ya Rasi ya Delgado, na mwaka 1894 wanamaji wa Kijerumani wakashuka Kionga na kupandisha bendera. Ureno ilikuwa imeelemewa na madeni, ikakubali. Mpaka ukachorwa kwa rula kwenye latitudo ya digrii 10 na dakika 40 kusini, mstari usiojua kijiji wala shamba la mnazi. Nasema wazi: huu ulikuwa wizi wa mali iliyokwisha kuibwa, na hati zilitafutwa ili kuupamba.

Ujerumani ilipoitangazia Ureno vita Machi 1916, haikupita hata miezi miwili Kionga ikarudi mikononi mwa Wareno. Jambo mojawapo walilolifanya haraka ni kutoa stempu. Walichukua stempu za zamani za Lourenço Marques za reis 100, zenye sura ya Mfalme Carlos aliyeuawa mwaka 1908, wakagonga juu yake neno REPUBLICA, kisha KIONGA, na bei mpya ya senti. Mfalme marehemu, jamhuri na jina la kijiji cha Waswahili vilibanwa katika kikaratasi kimoja. Barua za kutumwa kutoka pale zilikuwa chache mno. Stempu ile ilikuwa tangazo la umiliki kwa mataifa, na Septemba 1919 washindi wa vita wakaitambua Ureno kuwa mwenye Kionga.

Wamakonde, Wamaraba na Wamakwe, wenye ndugu na makaburi pande zote mbili za mto, hawakuulizwa hata mara moja. Mwaka 1964, pale Cairo, nchi huru za Afrika ziliamua kuiheshimu mipaka ya kikoloni kama zilivyoikuta, na Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975 ikairithi Kionga. Naona uamuzi ule ulituepusha na vita vingi. Lakini mpaka unaoheshimiwa hauzuii kuwapokea majirani. Mji wa Palma, upande wa Msumbiji, uliposhambuliwa Machi 2021, watu walikimbilia Ruvuma kutafuta hifadhi kwetu Tanzania, na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ikalalamika hadharani kwamba maelfu yao walirudishwa Msumbiji kwa nguvu. Sera hiyo inastahili kuhojiwa na wana Mtwara kabla ya mtu mwingine yeyote.

Wiki ijayo: visiwa vya ndani ya mto, na mkataba wa mpaka wa baharini wa mwaka 1988.