Darubini ya Bunduki na Sikio la Fundi

Mwaka 1861 msafara wa John Hanning Speke na mwenzake James Grant ulikwama katika nchi ya Usui, ambayo leo tumeigawa kati ya wilaya za Biharamulo na Ngara, mkoani Kagera. Mtemi Suwarora alidai hongo, na hakuwa na haraka. Sidi Mubarak Bombay, mkalimani wa msafara, alikwenda na kurudi akibeba maneno ya pande mbili, wapagazi wakakaa juu ya mizigo wakingoja. Ndani ya mizigo hiyo mlikuwa na bunduki ya Whitworth kutoka Uingereza, na mlikuwa na darubini ya mkononi. Vyote viwili vilifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda Februari 1862, vikaandikwa katika orodha ya zawadi pamoja na saa ya dhahabu, kiti cha chuma, visu na vijiko.

Bunduki ilikuwa zawadi peke yake na darubini zawadi nyingine. Lakini miaka ileile, huko Marekani, watu walikuwa wanaviunganisha. Wadunguaji wa jeshi la Kusini walipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe wakiwa na Whitworth hizohizo, ubavuni zimefungwa darubini iliyobuniwa na David Davidson, ofisa aliyekuwa ametumikia India. Inasimuliwa kwamba kambini waliwatambua wadunguaji kwa jicho lililovilia damu. Bunduki ilipopiga teke, bomba la darubini lilimgonga mwenyewe usoni. Aliyelibuni alikuwa amefikiria kulenga, hakufikiria jicho la mlengaji.

Nimeanzia mbali kwa sababu swali ninalolileta ni la zamani kama jeraha hilo. Mtu anayetengeneza kioo cha kulengea humsikiliza nani? Na je, sauti ya mtu anayebeba bunduki katika vichaka vya Burigi, au kwenye ukungu wa milima ya Ngara, inamfikia?

Tuanze na ukungu. Ngara iko juu, sehemu kubwa ya milima ya Bugufi ikiwa zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi ya masika bonde la Ruvubu hujaa wingu jeupe mpaka jua lipande. Mtu akipanda kilima anahema, pumzi yake inagonga kioo cha nyuma cha darubini na kioo kinatoka jasho. Hilo la nje unalifuta kwa kitambaa. La ndani halifutiki. Unyevu ukishaingia kwenye bomba, kila baridi ikija lenzi hupata ukungu kwa ndani, na usipoushughulikia, kuvu huota juu ya kioo, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, nalo hula rangi nyembamba iliyopakwa ili kupitisha mwanga. Kioo kilichofikia hapo hakisafishiki kikarudi kama zamani.

Dawa ya ugonjwa huu ilitoka kwa mwindaji aliyekosa mnyama. Kampuni ya Leupold ya jimbo la Oregon, Marekani, ilianza mwaka 1907 ikitengeneza vyombo vya wapima ardhi. Marcus Leupold, wa familia hiyo, alikwenda kuwinda, darubini yake ikashika ukungu, paa akamponyoka. Alirudi na hasira akisema yeye angeweza kutengeneza bora kuliko ile. Mwaka 1947 kampuni ikatoa darubini iliyofungwa barabara, hewa yenye unyevu imeondolewa ndani na gesi kavu ya naitrojeni imewekwa mahali pake. Leo karibu kila darubini ya maana imefanyiwa hivyo.

Angalieni vizuri jinsi malalamiko yale yalivyosafiri. Hayakusafiri kabisa. Mlalamikaji na fundi walikuwa nyumba moja. Mwaka 1962 kampuni hiyohiyo ilileta alama ya msalaba yenye mistari minene pembeni inayokonda katikati, kwa kuwa mistari myembamba mitupu hupotea machoni jua likizama. Wenzao wa Austria na Ujerumani, kama Kahles wa Vienna, Swarovski wa Absam na Zeiss, walikuwa karibu na wawindaji wanaongoja nguruwe pori na kulungu gizani, wakatia nguvu zao kwenye mwanga. Ndiyo sababu vioo vya Ulaya vinasifiwa kwa kuonyesha vizuri jua likizama. Zeiss walianza kupaka lenzi rangi ya kupunguza mng'ao mwaka 1935. Kila mmoja alimsikia jirani yake.

Msomaji mwenye darubini ya kawaida nyumbani anaweza kulijaribu jambo la mwanga leo. Ishike mkono ukiwa umenyooka, ielekeze kwenye anga, utazame kioo cha upande wa jicho. Utaona duara dogo jeupe likielea katikati. Upana wake hupatikana kwa kugawa upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji: lenzi ya milimita 42 ikikuza mara 6 hutoa duara la milimita 7. Mboni ya kijana gizani hufunguka kiasi hichohicho. Ukiongeza ukuzaji hadi mara 20 kwa lenzi ileile, duara linabaki milimita 2 tu, na jua likishazama kando ya Ziwa Burigi utaona kiza kilichokuzwa.

Hapo ndipo ninapogombana na soko la siku hizi. Matangazo yanashindana kwa ukuzaji, kana kwamba kila mpigaji amelala kwenye uwanja wa shabaha wenye nyasi zilizofyekwa. Katika vichaka vya Biharamulo nyati anaonekana akiwa hatua chache, na aliyemwona kwa darubini ya mara 20 ataona weusi wa ngozi tu bila kujua ni bega au tumbo. Kazi ile inataka darubini fupi inayoanzia mara moja, pana, inayokaa mbali na jicho. Bunduki za .375, ambazo ndizo kiwango cha chini kwa wanyama hatari katika uwindaji wetu wa leseni, zinapiga teke kweli. Kioo kilichokaa karibu na uso hukata nyusi leo kama kilivyovilisha macho ya wadunguaji wale wa Marekani.

Kisa kingine kinaonyesha kusikiliza kunavyoweza kuchelewa hata pale wateja wanapopiga kelele. Darubini ya bunduki ina alama ndani ya kioo na vitufe viwili nje vya kurekebishia. Kwa miaka mingi hata darubini za kijeshi za bei kubwa zilikuwa na alama zinazohesabu kwa mili, yaani sehemu moja ya elfu ya umbali, huku vitufe vikihesabu kwa dakika za pembe, kipimo kingine kabisa. Tuseme umelenga jiwe lililo mita 300, vumbi likaruka mili moja chini ya jiwe. Mili moja hapo ni sentimita 30. Kama kitufe nacho ni cha mili, kinachosogea sehemu moja ya kumi kwa kila mlio, unakizungusha milio 10 na kazi imeisha. Kama kitufe ni cha robo dakika, lazima ukumbuke kwamba mili moja ni dakika 3.44, uzidishe kwa nne, ufike milio 14 hivi. Mpe hesabu hiyo mtu anayetetemeka kwa baridi, au anayepigiwa risasi.

Wapigaji wa mashindano na askari wa nchi tajiri walilalamika miaka nenda rudi kabla vipimo havijalingana. Walisikilizwa kwa sababu walikuwa wanunuzi, na wengine walianza kununua kwa mshindani. Sisi tunaopima kwa mita na sentimita tulinufaika na kelele za wengine. Mili moja kwa mita 100 ni sentimita 10, mtoto wa darasa la tano anaikokotoa. Hata hivyo darubini za dakika na inchi zinaendelea kuuzwa kote.

Sasa tuje nyumbani. Zamani Burigi, Biharamulo na Kimisi yalikuwa mapori ya akiba, na mwindaji bingwa aliyekuwa na neno juu ya darubini alikuwa na njia ya kulipeleka. Mgeni wake alitoka Ulaya au Marekani, alirudi kwao, alijua duka. Mwaka 2019 mapori hayo yakawa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Uwindaji ndani yake ukaisha, na sawa umeisha. Pamoja na mgeni, njia ile ya maneno nayo ikaondoka.

Waliobaki na bunduki kihalali ni watu wa kazi. Kuna askari wa hifadhi wanaokwenda doria. Kuna maofisa wanyamapori na askari wanyamapori wa vijiji wanaoitwa usiku mnyama akiingia shambani. Kuna polisi, ambao wakazi wa barabara ya Lusahunga na Benaco wanawakumbuka wakisindikiza mabasi enzi majambazi walipotamba. Bunduki nyingi unazowaona nazo ni chuma tupu, nundu ya mbele na mfuo wa nyuma. Kwa umbali wa karibu hilo si kosa. Lakini mtu anayesimama ukingoni mwa msitu magharibi akijaribu kutambua kama kivuli kile kina jembe au gobore begani anahitaji kioo kizuri kuliko mtalii yeyote, kwa sababu kwake kuona vibaya ni uhai wa mtu. Na kioo hicho kisiwe kwenye bunduki peke yake: sheria ya msingi ya silaha ni kutomwelekezea mtutu mtu ambaye hujamtambua. Anahitaji darubini ya mkononi kwanza.

Mtu huyu hanunui. Ofisi ndiyo inayonunua, kwa zabuni, na zabuni inauliza bei. Kiwanda kinamwona mnunuzi, hakimwoni mtumiaji. Vumbi jekundu linaloingia kwenye vitufe, mkanda unaokatika, kuvu la masika, kifaa cha kurudishwa ng'ambo kwa matengenezo mpaka kisahaulike, hayo yote yanaishia kwenye stoo ya kituo.

Wilaya hizi zenyewe zilikuwa na utaratibu mwingine. Warongo, mafundi chuma wa upande wa Biharamulo na Geita, waliyeyusha mawe ya chuma wakafua majembe yaliyouzwa mbali, hadi majembe ya kuletwa kutoka Ulaya yalipozima matanuri yao. Mhunzi wa leo anafua panga kutoka springi ya gari chakavu, na bado anakaa mkao uleule. Mkulima anarudi na jembe, anasema linachota udongo mwingi, mgongo unauma. Mhunzi halijibu neno hilo kwa barua. Anaweka chuma motoni, anakunja shingo kidogo, anampa ajaribu palepale. Ubora wa jembe lile haukutokana na elimu ya kioo au ya hesabu. Ulitokana na mteja kuwa na uwezo wa kurudi mlangoni.

Gharama ya kutosikiliza tunaijua hapa kuliko wengi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24, na kambi ya Benaco ikazaliwa. Mgao wa chakula ulipangwa mbali: nafaka, maharage, mafuta. Watu waliozoea nyama hawakupewa nyama. Ikapatikana porini, ikapikwa gizani, ikaitwa kwa fumbo mchicha wa usiku, jina ambalo shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyamapori, lililiweka kwenye ripoti yake kuhusu kambi za kaskazini magharibi mwa Tanzania. Wanyama wa Burigi na Biharamulo walilipa. Aliyepanga mgao hakuwa mtu mbaya, alikuwa mbali na sufuria.

Ninachokiomba ni kidogo na kinawezekana. Wizara ya Maliasili na Utalii, Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), kabla ya kununua darubini yoyote, ya mkononi au ya bunduki, waombe wauzaji watoe sampuli. Wapewe askari wa Burigi-Chato na maofisa wa Ngara na Biharamulo wakae nazo msimu mzima wa mvua, wazitumie alfajiri na magharibi, waziangushe kama zinavyoangushwa kazini, kisha waandike kwa mkono wao kipi kilishika ukungu, kitufe kipi kiliganda, kioo kipi kilionyesha uso wa mtu jua likiwa limezama. Karatasi hizo ziambatanishwe na zabuni na nakala zitumwe kiwandani. Kiwanda kilichobuni bomba lisiloshika ukungu kwa ajili ya paa mmoja aliyetoroka Oregon hakitapuuza mnunuzi mwenye hifadhi nzima.

Mvua za vuli Kagera huanza Septemba. Sampuli zikifika vituoni Agosti, majibu ya askari yatakuwa mezani kabla ya mwaka kwisha.