Mchoro wa Nchi ni Daftari Lake

Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya alasiri, niliketi nje ya Msikiti wa Kongo, Diani, pale mto Mwachema uingiapo baharini. Chini ya mbuyu alikuwako kijana mmoja akichora kwa penseli: msikiti, mibuyu, mto na bahari. Aliponiona aliificha karatasi.

"Ami, tumeambiwa kuchora ni haramu," alisema.

Nilimtuliza. Ibn Abbas, Mungu amridhie, alimwambia mchoraji mmoja kwamba ikiwa hana budi kuchora, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Hadithi hiyo imo katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Kwa hiyo mwenye kuchora mandhari ana mlango wake.

Nasi twauhitaji mlango huo. Pwani hii ilichorwa zamani, lakini na wageni kwa haja zao. Katika miaka ya 1820 meli za Kapteni Owen wa Uingereza, Leven na Barracouta, ziliipima pwani ya Afrika Mashariki ili zipatikane ramani za mabaharia. Mchoraji wa ramani hizo hutafuta kilima, mti mkubwa au jengo lionekanalo kutoka baharini, kwani ndivyo vimwongozavyo nahodha. Kisima na mpaka wa shamba la mtu havimhusu.

Kisha ikaja Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908. Mwenye ardhi katika ukanda wa pwani alitakiwa apeleke madai yake, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wazee wengi waliijua mipaka yao kwa mwembe, mkanju na kaburi la babu. Karatasi hawakuwa nayo. Kilio cha maskwota wa pwani kina mzizi wake hapo.

Sisemi kwamba mchoro wa penseli ni hati mbele ya hakimu. Lakini ni ushahidi kwa watoto wetu. Kaya Kinondo, pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Je, visima na mibuyu ya vijijini mwetu itaandikwa na nani? Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kijana akaitoa tena karatasi yake. Nikamwonyesha kitu alichokisahau: njia ya miguu ya wavuvi iendayo ufuoni. Aliichora kabla ya adhana ya magharibi.