Kufundisha Historia ya Vita kwa Vitu vya Kushikwa: Mbinu na Mipaka Yake katika Wilaya ya Rusizi, Rwanda

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna vitu vya zama za vita vinavyoweza kutumiwa kufundishia historia katika shule za sekondari za Wilaya ya Rusizi, eneo lililojulikana zamani kwa jina la Cyangugu. Hoja kuu ni kwamba mbinu hii hufaa pale tu mwalimu anapotenganisha makundi mawili ya vitu. Kundi la kwanza ni vitu vya kampeni ya 1914–1916, ambavyo mwanafunzi anaweza kuvishika, kuvipima na kuvihoji. Kundi la pili ni masalia ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, ambayo ni ushahidi na amana ya marehemu, wala si zana za kufundishia. Makala yanaeleza hatua za somo, sababu za mpaka huo na mambo yanayowahusu watunga sera.

1. Utangulizi

Baada ya mwaka 1994, ufundishaji wa historia ya Rwanda ulisitishwa shuleni kwa kuwa historia iliyofundishwa hapo awali ilikuwa imechangia kupanda mbegu za utengano. Somo liliporejeshwa, swali halikuwa tu nini kifundishwe, bali pia kifundishweje. Mtaala unaojikita katika umahiri, uliozinduliwa mwaka 2015 na kuanza kutekelezwa mwaka 2016, ulitoa mwelekeo: mwanafunzi asikariri tu, bali achunguze, alinganishe na atetee hoja yake kwa ushahidi.

Kwa mwalimu wa hisabati au wa sayansi, agizo hilo lina njia zilizozoeleka. Kwa mwalimu wa historia, hasa anapofundisha vita, jambo ni gumu zaidi. Vita vilivyopita haviwezi kurudiwa maabara. Kinachobaki ni maandishi, masimulizi, mahali na vitu. Kati ya hivyo vinne, vitu ndivyo vinavyosahaulika zaidi darasani, ingawa ndivyo vinavyomlazimisha mwanafunzi kuuliza kabla ya kujibiwa.

2. Rusizi kama uwanja wa kujifunzia

Rusizi ina faida ambayo wilaya nyingi hazina. Mto wenye jina hilo hutoka Ziwa Kivu na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake kuna mji wa Bukavu. Shangi, iliyokuwa ndani ya mkoa wa zamani wa Cyangugu na ambayo sasa iko Wilaya ya Nyamasheke, ndiko jeshi la Rwanda lilikoshindwa mwaka 1896 na kikosi cha Dola Huru ya Kongo. Mwaka 1898 Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi hukohuko Shangi, na Richard Kandt, ambaye baadaye alianzisha mji wa Kigali mwaka 1907, aliishi karibu na hapo alipokuwa akichunguza chanzo cha Nile.

Mpaka baina ya Wajerumani na Wabelgiji ulikubaliwa mwaka 1910. Miaka minne baadaye ukawa mstari wa mapigano. Septemba 1914 Wajerumani walikiteka kisiwa cha Ijwi, na Aprili 1916 majeshi ya Wabelgiji yalivuka na kuingia Rwanda. Kigali ilitwaliwa Mei 1916, na Tabora ikaanguka Septemba mwaka huohuo. Mwanafunzi wa Kamembe anayesimama ukingoni mwa ziwa anauona mpaka huo kwa macho yake. Anachokosa ni kitu cha kumwonyesha watu waliokuwa nyuma ya tarehe hizo.

3. Sarafu: kitu kinachozungumzia uhaba

Kitu cha kwanza kinachofaa ni sarafu. Mwaka 1916 Wajerumani walitengeneza Tabora sarafu za dharura za heller 20, nyingine za shaba na nyingine za shaba nyeupe iliyochanganywa na zinki, katika karakana ya reli. Zina taji, mwaka 1916, herufi za kifupi cha jina la koloni, na herufi T ya Tabora. Nakala iliyochongwa vizuri inatosha kwa darasa. Sarafu halisi ibaki makumbusho.

Somo hupita katika hatua nne. Katika hatua ya kwanza, wanafunzi hushika na kueleza bila kutaja jina: uzito, rangi, kingo, alama. Katika hatua ya pili huuliza: kwa nini fedha ya dola kubwa imekatwa vibaya hivi? Kwa nini haikutengenezwa Ujerumani kama za kabla ya vita? Hatua ya tatu hulinganisha sarafu na ushahidi mwingine, hasa ramani. Hapo hubainika kwamba manowari za Uingereza zilikuwa zimeifunga pwani, na koloni lililazimika kujitengenezea hata fedha. Katika hatua ya nne, kila kikundi huandika maelezo mafupi ya maonyesho kwa Kinyarwanda au Kiswahili, yasiyozidi sentensi tano, na kueleza kipi kinaonekana kwenye kitu chenyewe na kipi kimetoka kwingine.

Hatua ya nne ndiyo kipimo halisi cha umahiri. Mwanafunzi anayeweza kutenganisha anachokiona na anachokisia ameanza kufikiri kama mwanahistoria.

4. Mzigo: hesabu ya mpagazi

Kitu cha pili hakihitaji makumbusho kabisa. Ni gunia la kilo 25, uzito unaokaribiana na mzigo wa kawaida wa mpagazi wa misafara ya zama hizo. Wanafunzi wawili hulinyanyua kwa pamoja na kulishusha. Lengo si kuonja mateso ya mpagazi, jambo ambalo darasa haliwezi kulifanya na halipaswi kujidai kulifanya. Lengo ni kipimo.

Baada ya kipimo huja hesabu. Ikichukuliwa kuwa mpagazi anakula kilo moja ya nafaka kwa siku, mzigo wake wote wa chakula unakwisha kwa siku 25 hata kama hakumfikishia askari punje moja. Akihitaji kurudi, anaweza kwenda mbele kwa siku 12 tu. Kutoka Kivu hadi Tabora ni mamia ya kilomita. Wanafunzi hufikia wenyewe hitimisho ambalo kitabu kingewapa kwa sentensi moja: jeshi halikuweza kulishwa kwa migongo ya wapagazi pekee, kwa hiyo chakula kilichukuliwa vijijini lilikopita. Kutoka hapo, mwalimu anaweza kuitambulisha njaa ya Rumanura iliyoikumba kaskazini-magharibi mwa Rwanda kuanzia mwaka 1916, na kuuliza vita vilichangia kwa kiasi gani na mambo mengine yalichangia nini.

Kwa wasemaji wa Kiswahili, neno lenyewe linaweza kuwa kitu cha tatu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni majina yaliyotokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, yakatoholewa na midomo ya watu. Mwanafunzi wa Rusizi anayelijua soko la Kariakoo kwa habari za biashara hushangaa kugundua kwamba jina hilo ni kumbukumbu ya wapagazi wa vita vilevile vilivyopita kwao.

5. Mpaka: kile kisichoshikwa

Mbinu iliyoelezwa ina kishawishi. Mwalimu akiona wanafunzi wamechangamka kwa sarafu na gunia, anaweza kutaka kuendelea hadi mwaka 1994 kwa njia ileile. Hapo ndipo pa kusimama, kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni ya kidhana. Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi hayakuwa mapambano ya majeshi mawili. Kuweka vitu vyake katika sanduku moja na vitu vya vita vya 1916, chini ya kichwa "vita vilivyopita Rusizi", kunafundisha kosa kabla mwalimu hajafungua kinywa. Namna vitu vinavyopangwa nayo ni hoja.

Sababu ya pili inahusu waliomo darasani. Katika chumba kimoja wanaweza kukaa watoto wa manusura na watoto wa waliohukumiwa. Panga ni chombo cha kila siku katika kaya ya mkulima. Likiletwa darasani kama kielelezo, hakuna awezaye kujua linaamsha nini katika nafsi ya yeyote.

Sababu ya tatu inahusu marehemu. Nguo, vitambulisho na mabaki yaliyohifadhiwa kwenye makaburi ya kumbukumbu ni ushahidi na ni amana ya familia. Yana mahali pake na walinzi wake. Mwaka 2023 UNESCO iliandikisha Nyamata, Murambi, Gisozi na Bisesero katika Orodha ya Urithi wa Dunia, na uandikishaji huo ulithibitisha kwamba mahali penyewe, pamoja na ukimya wake, ndipo somo. Huko mwanafunzi huenda kwa maandalizi, akaongozwa, akasikiliza, hashiki.

6. Usalama na asili ya vitu

Ipo hatari nyingine isiyo ya kidhana. Mwaka 2009 Rwanda ilitangaza kwamba imemaliza kuondoa mabomu ya ardhini ya kudhuru watu. Tangazo hilo halimaanishi kwamba kila guruneti au risasi iliyozikwa imeondolewa. Mwalimu anayewaomba wanafunzi "walete vitu vya vita kutoka nyumbani" anawatuma kuchimba. Kanuni inapaswa kuwa moja na wazi: mwanafunzi haleti chochote cha chuma cha vita shuleni, akikiona, hakigusi, anaripoti.

Kanuni hiyo inalinda pia urithi. Kitu kilichong'olewa mahali pake bila kuandikwa kilipokuwa kimepoteza nusu ya habari zake, na shule inayokipokea inafungua soko la uchimbaji holela.

7. Mapendekezo kwa watunga sera

Kwanza, ziandaliwe seti za masomo zenye nakala, picha na vipimo, chini ya uangalizi wa Akademia ya Urithi wa Utamaduni wa Rwanda, ili shule za Rusizi zisitegemee bahati ya kupata vitu. Pili, mafunzo ya walimu yawe na kipengele cha mpaka: kipi kinashikwa, kipi kinatazamwa, kipi kinatembelewa. Tatu, kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017 na ni lugha ya kila siku ya biashara baina ya Kamembe na Bukavu, maelezo ya seti hizo yaandikwe kwa Kinyarwanda na Kiswahili, ili shule za pande zote mbili za mto ziweze kuchunguza kampeni moja kwa vielelezo vilevile.

8. Hitimisho

Kujifunza kwa vitu si njia ya kuifanya historia ya vita ivutie tu. Sarafu mbovu na gunia zito humfundisha mwanafunzi kudai ushahidi kabla ya kukubali simulizi, na katika nchi ambako simulizi potofu ziliwahi kuua, hilo si jambo dogo. Hata hivyo, mwalimu anayejua kumpa mwanafunzi kitu mkononi hana budi kujua pia kipi hakipaswi kuwekwa mkononi mwa yeyote. Mambo hayo mawili yafundishwe pamoja.