Tuandike Ukoo Wetu

Babu zetu hawakuandika miaka, lakini walikumbuka mambo. Wangoni wa Songea asili yao ni Afrika Kusini. Wazee wao walisimulia kwamba siku Zwangendaba alipowavusha mto Zambezi, jua lilipatwa, kukawa giza mchana. Wataalamu wa nyota walipiga hesabu, wakaona ni Novemba 1835.

Basi ndugu wasomaji, na sisi tunaweza. Tumwulize bibi: "Shikamoo bibi. Baba yako alizaliwa kabla ya Vita vya Maji Maji vya 1905, au baada? Alitokea wapi?" Tuandike daftarini jina, mahali na tukio.

Makaburi mengi yako kwenye mahame tuliyoyaacha mwaka 1974, tulipohamia vijijini. Wanaoyajua ni wazee. Kalamu tunayo, tusingoje matanga.