Hatua Zenu Wawili: Kusherehekea Kazi na Mazoezi Nyumbani

Kama uko sokoni Migori au ufuoni Homa Bay ukianika omena, endelea na kazi yako, lakini tega sikio.

Hapa kwetu watu wanajua kusifu. Muziki ukikolea kwenye sherehe, pakruok huanza. Mtu hujisifu, humsifu rafiki yake, husifu na kwao alikozaliwa. Lakini tukifika nyumbani, sifa hukauka. Baba amemaliza kulipa mkopo wa pikipiki, hakuna anayesema neno. Mama aliyejifungua miezi minne iliyopita ametembea nusu saa bila kupumzika, naye anaulizwa tu, "Chakula kiko wapi?"

Leo tunazungumza juu ya mume na mke kusherehekea hatua wanazopiga katika kazi na katika mazoezi ya mwili. Pengine unajiuliza, hilo nalo ni jambo la afya? Ndiyo, mama. Mtu akianza mazoezi peke yake, bila wa kumtia moyo, ni rahisi kuacha baada ya wiki chache. Akiacha, presha na kisukari hupata nafasi. Presha haina kelele. Mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi bila kuumwa na chochote, mpaka siku anapopooza upande mmoja. Hapo kazi ya miaka yote husimama, na anayeuguza mara nyingi huwa ni wewe mama.

Hatua ni nini?

Hatua si lazima iwe kubwa. Tuseme wewe unauza samaki Sori na mume wako anaendesha bodaboda Rongo. Kwako, hatua ni kurudi sokoni baada ya kujifungua, au kumaliza mkopo wa chama. Kwake, ni kupata leseni, au kuweka akiba mwezi mzima bila kuigusa. Katika mazoezi, hatua ni kutembea wiki nzima bila kukosa, au kupanda kilima bila kuhema kama zamani.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Hizo ni dakika 30 kwa siku 5. Utajuaje kwamba ni ya wastani? Unaweza kuzungumza ukitembea, lakini huwezi kuimba. Kulima, kuteka maji na kutembea haraka kwenda sokoni, yote yanahesabika. Kukaa kwenye kibanda kutwa au juu ya pikipiki hakuhesabiki, hata kama jioni unajisikia umechoka.

Baada ya kujifungua

Mama, usijilinganishe na jirani. Ikiwa ulijifungua kwa njia ya kawaida bila matatizo, unaweza kuanza kutembea polepole mara tu unapojisikia una nguvu. Ikiwa ulifanyiwa upasuaji, muulize mhudumu wa afya kabla ya kuanza mazoezi mazito. Kuna zoezi moja unaloweza kufanya hata ukinyonyesha: kaza misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo, hesabu hadi 5, kisha legeza. Rudia mara 10. Husaidia mkojo usivuje unapokohoa au kubeba mzigo.

Ukiona damu nyingi inatoka, kichwa kinauma sana, kifua kinabana, au mguu mmoja umevimba na unauma, acha mazoezi uende hospitali mara moja.

Tazama mfano wa Mkenya mwenzetu, Faith Kipyegon. Mwaka 2017 alishinda dhahabu ya dunia ya mita 1500 mjini London. Mwaka 2018 alijifungua mtoto wa kike. Mwaka 2019 alipata medali ya fedha mjini Doha, kisha dhahabu ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 2021 na nyingine mjini Paris mwaka 2024. Mume wake, Timothy Kitum, naye ni mwanariadha aliyeshinda shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Hatukwambii ukimbie kama Faith. Tunakwambia uangalie pale katikati, kati ya London na Doha. Kuna ujauzito, kujifungua na kurudi uwanjani. Kipindi kama hicho hakina medali, na ndipo mama huhitaji zaidi mtu wa kumwambia, "Umefanya vizuri."

Mshereheke vipi?

Kwanza, elewaneni hatua gani mtaisherehekea, kila mtu ya kwake. Iandikeni kwenye kalenda ya ukutani ili watoto waione. Yasiwe mashindano baina yenu.

Pili, toeni sifa mbele ya watoto. "Baba yenu amemaliza mkopo." "Mama yenu ametembea siku tano." Maneno hayo hayagharimu hata shilingi.

Tatu, chagueni zawadi isiyoharibu mlichojenga. Soda nyingi za mililita 300 huwa na sukari ya karibu vijiko 8 vya chai, na pombe huongeza presha. Pikeni ngege na osuga, au tembeeni pamoja jioni mkamtembelee nyanya. Zawadi kubwa kwa mama ni muda: baba abaki na mtoto saa moja, mama akafanye mazoezi au apumzike.

Nne, pimeni afya. Tangu Septemba 2023, wahamasishaji wa afya ya jamii nchini walianza kupewa mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari. Muulize wa kijiji chenu, au nendeni kituo cha afya pamoja. Presha ikishuka chini ya 140 kwa 90, hiyo ni hatua ya kusherehekea. Kwa anayetumia dawa za ARV, kipimo kikionyesha virusi havionekani, hiyo nayo ni hatua kubwa. Lakini usiache dawa kwa sababu ya habari njema.

Na kama mmeajiriwa, jueni haki zenu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na baba wiki 2. Baba, wiki hizo si za kukaa kijiweni. Zitumie kumsaidia mama aanze vizuri.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ni kweli, sifa zikizidi huharibu. Lakini mgema asiyesifiwa hata siku moja, naye huchoka kupanda mnazi. Jioni hii, kabla ya taa kuzimwa, mtajie mwenzako hatua moja aliyopiga wiki hii. Msikilize naye akutajie yako.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni hatua gani ya mwenzako iliyopita bila wewe kusema neno?
2. Nani atabaki na watoto wakati mama anafanya mazoezi?
3. Mara ya mwisho mlipimwa presha lini?